Wembamba kwa Kituruki na lugha ndugu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa Kituruki, wa watazamaji wa tamthiliya za Istanbul wanaotaka kusikia maneno yenyewe bila kusubiri tafsiri, na wa yeyote anayependa kuchungulia lugha za watu. Humu "Kituruki" ni lugha ya Uturuki. "Lugha za Kiturki" ni ukoo mzima: Kituruki chenyewe, Kiazabajani, Kiturukimeni, Kiuzbeki, Kiuyguri, Kikazakhi, Kikirgizi, Kitatari, Kichuvashi, hadi Kiyakuti kule Siberia.

"-embamba" kwa Kituruki ni neno gani?

Nakurudishia swali kwanza: chembamba ni nini? Kama ni uzi, karatasi, kitabu, ukuta au kidole, neno ni *ince*. Kama ni mtu, neno la kila siku ni *zayıf*. Ukimwita mtu *ince* bila kufafanua, msikilizaji anaweza kuelewa kuwa unamsifia ustaarabu wake, si umbo lake. Kwa umbo, *ince* huja zaidi pale unapotaja kiungo: *ince belli* ni mwenye kiuno chembamba, *ince parmaklı* ni mwenye vidole vyembamba. Kiuno hicho wamekipa hata bilauri ya chai, ile iliyobanwa katikati: *ince belli bardak*.

Yanatamkwaje?

Herufi *c* ya Kituruki ni "j" yetu, kwa hiyo *ince* husomwa "inje". *Ç* ni "ch", *ş* ni "sh". *I* isiyo na nukta haina mwenzake kwetu. Jaribu kutamka "u" huku midomo imelegea, usiiviringe. *Ğ* karibu haisikiki, huvuta tu irabu iliyotangulia.

Hii *zayıf* ndiyo "dhaifu" yetu?

Ndiyo, ni neno lile lile. Limetoka Kiarabu likashuka pwani yetu kama "dhaifu" na likapanda Anatolia, bara la Uturuki upande wa Asia, kama *zayıf*. Sisi tulibaki na maana ya unyonge. Waturuki waliishika hiyo, kisha wakaipandishia wembamba juu yake, kwa hoja ambayo bibi yeyote angeikubali: asiye na nyama mwilini hana nguvu.

Matokeo yake ni kwamba *zayıf* inabeba mizigo miwili kwa pamoja, na muktadha ndio unaoamua. *Zayıf bir çocuk* kwa kawaida ni mtoto mwembamba. *Zayıf bir ihtimal* ni uwezekano mdogo. *Zayıf hadis* hahitaji kufafanuliwa aliyepita madrasa: ni hadithi dhaifu. Mzazi akilalamika kuwa mwanawe ameleta *zayıf* tatu kwenye ripoti, hazungumzii kilo, anazungumzia masomo matatu aliyofeli. Na kwenye chati ya uwiano wa uzito na urefu iliyobandikwa kliniki, aliye chini ya 18.5 huandikwa *zayıf*.

Lugha ndugu hazikufuata njia hiyo. *Zəif* ya Kiazabajani na *zaif* ya Kiuzbeki zimebaki upande wetu, yaani udhaifu. Mturuki anayemwita rafiki yake wa Baku *zəif* akidhani anazungumzia umbo, amemwambia kuwa hana nguvu.

Mtu akiniambia *zayıflamışsın*, nishukuru au ninune?

Tazama kwanza nani kasema. Kitenzi ni *zayıflamak*, kukonda. Kile kipande *-mış* kinaonyesha kuwa msemaji hakushuhudia ukikonda bali ameona matokeo, kwa hiyo sentensi nzima inakaribia "kumbe umekonda!" Kwa kijana wa mjini anayelipia mazoezi kila mwezi, hiyo ni sifa, na atajibu kwa furaha kuwa *kilo verdim*, neno kwa neno "nimetoa kilo". Mama mzazi akiitamka kwa sauti ya kuvuta, maana yake ni kwamba huli vizuri huko unakoishi, na sahani inakuja. Ni sauti ile ile ya "mbona umekonda?" ya kwetu, ambayo haijawahi kuwa pongezi.

Kuna maneno mangapi ya mtu mwembamba, na yapi ni matusi?

Ni mengi. Upande wa heshima yuko *narin*, mwembamba wa kupendeza, laini, kama anayeogopwa kuguswa. Hutumika zaidi kwa wanawake na watoto. *Fidan gibi*, "kama mche", na *dal gibi*, "kama tawi", nayo ni ya kusifu. *Zayıf* iko katikati, haina chuki wala mapenzi. *Nahif*, nayo ya Kiarabu, ina harufu ya vitabuni: mwembamba dhaifu wa afya.

Ukishuka zaidi hali inabadilika. *Sıska* ni kimbaumbau; mtu akiitwa hivyo hafurahi. *Cılız* huongeza unyonge, na hufaa pia kwa moto unaokaribia kuzimika au sauti isiyofika mbali. *Çelimsiz* ni asiye na umbo la kutegemewa kwa kazi ya nguvu. *Kara kuru*, "mweusi mkavu", ni maelezo ya mtu mwembamba aliyeunguzwa na jua, na sikushauri uyajaribu kwa mtu usiyemzoea.

Na misemo?

Hapa ndipo Kituruki kinapochangamka. Aliyekondeana hubaki *bir deri bir kemik*, ngozi moja na mfupa mmoja. Aliyekonda kwa huzuni au maradhi *iğne ipliğe döner*, hugeuka sindano na uzi. Mwingine *kadidi çıkar*, ambapo *kadit* ni nyama iliyokaushwa. Picha ni ya mtu aliyebaki kama kipande cha nyama kavu. Mwepesi mno husemwa *üflesen uçar*, ukimpuliza anaruka. Miguu myembamba ni *çırpı*, vijiti vya kuwashia moto.

Ninaoupenda kuliko yote ni *çiroz*. Hilo ni jina la samaki, neno lililotoka Kigiriki: samaki wa jamii ya vibua wa bahari za kule aliyekwisha kutaga mayai, mafuta yote yamemwisha, akaanikwa hadi akauka. Mtu mwembamba kupita kiasi huitwa *çiroz*. Msomaji wa pwani tayari amecheka, kwa sababu na sisi tunaye ng'onda, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, na aliyekonda sana husemwa amekuwa ng'onda. Hakuna aliyemwiga mwenzake hapo. Popote panapoanikwa samaki, mtu mwembamba yuko hatarini kufananishwa naye.

Nimesikia kuwa lugha za Kiturki zinatofautisha wembamba wa karatasi na wembamba wa kamba. Ni kweli?

Ni kweli, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Kiswahili hakijali: karatasi ni nyembamba, kamba ni nyembamba, na njia ya kupita kati ya nyumba mbili ni nyembamba. Lugha za Kiturki tangu zamani ziligawa. Kitu bapa, cha kutandika au kukunja, kina neno lake la wembamba. Kitu kirefu cha mviringo, cha kufungia au kushika mkononi, kina lake. Na unene nao umegawanywa vivyo hivyo, kwa hiyo ni maneno manne badala ya mawili.

Ushahidi wake umechongwa kwenye jiwe. Karibu na Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, mahali paitwapo Bain Tsokto, zimesimama nguzo mbili za mawe zenye maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 8. Anayesimulia ni Tonyukuk, mshauri wa makagani, yaani wafalme, wa dola ya pili ya Waturki. Maandishi ya aina hiyo hayakusomeka hadi mwaka 1893, Mdenmark Vilhelm Thomsen alipoyafumbua.

Katika sehemu moja Tonyukuk anaeleza jinsi alivyomshawishi kagani wake awashambulie maadui kabla hawajaungana, maana Waoghuz walikuwa wametuma wajumbe kwa Wachina na kwa Wakhitan. Hoja yake, kwa Kiswahili, ni hii: bapa jembamba ni rahisi kulitoboa, na uzi mwembamba ni rahisi kuukata; bapa likiwa nene ni kazi kulitoboa, na uzi ukiwa mnene ni kazi kuukata. Mimi nimelazimika kuongeza "bapa" na "uzi" ili ieleweke. Yeye hakuhitaji. Alisema *yuyka* kwa wembamba wa kwanza na *yinçge* kwa wa pili, kisha *kalın* kwa unene wa bapa na *yogun* kwa unene wa mviringo, na kila msikilizaji wake akaona umbo la kitu kabla hakijatajwa.

Mshauri huyo alikuwa anapanga vita, lakini kwa bahati ametuachia somo safi la msamiati lenye umri wa miaka karibu 1,300.

Mgawanyo huo upo hadi leo?

Upo, na umekaa imara kuliko unavyotarajia. Mkazakhi husema *jūqa* kwa karatasi na *jiñişke* kwa uzi. Unene ni *qalyñ* na *juan*. Mkirgizi: *juka* na *içke*, *kalıñ* na *joon*. Muuzbeki: *yupqa* na *ingichka*, *qalin* na *yoʻgʻon*. Mturukimeni: *ýuka* na *inçe*, *galyň* na *ýogyn*. Mtatari: *yuka* na *neçkä*, *kalın* na *yuan*. Hata Kichuvashi, kilichojitenga na ndugu zake mapema kiasi kwamba hawaelewani naye kabisa, kina *śühe* na *śinśe*. (Maneno ya Kikazakhi, Kikirgizi, Kitatari na Kichuvashi nimeyaandika kwa herufi za Kilatini, kwa kawaida utayakuta kwa herufi za Kisirili.)

Tazama mwanzo wa maneno. Penye *y* katika lugha nyingine, Wakazakhi wana *j*, na mara nyingine Waturuki hawana kitu: *jip* ya Kikazakhi, uzi, ni *ip* ya Kituruki. Kwa njia hiyo hiyo *yinçge* ya jiwe ni *jiñişke* ya Almaty na *ince* ya Istanbul. Wayakuti wao huweka *s* mahali hapo, na wembamba wa kamba kwao ni *sinnyiges*.

Basi Kituruki cha Uturuki kimefanya nini na mgawanyo huo?

Kimeuvunja. *Ince* imemeza wembamba wote wa vitu, bapa kwa mviringo, na *kalın* imemeza unene wote. *Yogun* ipo bado, kama *yoğun*, ila imehamia kwingine: msongamano wa magari ni *yoğun trafik*, na chumba cha wagonjwa mahututi ni *yoğun bakım*. Mwazabajani akisema kamba ni *yoğun*, anamaanisha nene tu, kama Tonyukuk.

Kwa maoni yangu Kituruki kimepoteza kifaa kizuri. Wengine watasema kimerahisisha.

Na *yuyka* ilienda wapi?

Jikoni. Leo ni *yufka*, chapati pana ya unga iliyosukumwa hadi karibu uone upande wa pili. Ndiyo hutumika kwa *börek*, kitafunwa cha tabaka kinachojazwa nyama au jibini, na iliyo nyembamba zaidi hupangwa tabaka kwa tabaka kutengeneza baklava. Kwa mpishi wa Zanzibar au Mombasa, fikiria manda za sambusa, lakini kubwa kama sinia. Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza utamaduni wa kuoka na kugawana mikate hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya pamoja ya Azabajani, Iran, Kazakhstan, Kirgizia na Uturuki. Majina yaliyoandikishwa ni *lavash*, *katyrma*, *jupka* na *yufka*. Mawili ya mwisho, kama ulivyokwisha kugundua, ni neno moja.

Nje ya jikoni limebaki katika msemo *yufka yürekli*: mwenye moyo mwembamba, yaani mwepesi wa huruma, machozi yako karibu. Na katika lahaja za vijijini Anatolia bado husikika *yuka*, hasa kwa maji ya kina kifupi.

Wakazakhi na Wauzbeki nao humwita mtu mwembamba *zayıf*?

Hapana. Wengi wana neno la kale la Kiturki: *aryq* kwa Kikazakhi, *arık* kwa Kikirgizi, *oriq* kwa Kiuzbeki, *oruq* kwa Kiuyguri, *arıq* kwa Kiazabajani. Muuzbeki ana pia *ozgʻin*. Mtatari hupendelea *yabık*, neno ambalo kwake lina pacha lenye maana ya "kilichofungwa". Kituruki kinalo *arık*, ila limezeeka, na ukilisikia kijijini huenda linamhusu ng'ombe.

Hilo la ng'ombe si bahati mbaya. Kwa wafugaji wa nyika, wembamba ulikuwa kwanza habari ya mifugo. Kuna janga liitwalo *jūt*: theluji inayeyuka kidogo, inaganda tena kuwa barafu, wanyama wanashindwa kuyafikia majani, na makundi mazima yanakufa. Wakazakhi wana neno *köterem*, mnyama aliyekonda hadi hawezi kusimama mwenyewe asubuhi, na limetoka kwenye kitenzi cha "kuinua", kwa sababu ndivyo anavyosimama: kwa kuinuliwa na watu. Sijui namna ya kulisema hilo kwa neno moja la Kiswahili, ingawa mfugaji wa Longido au Marsabit baada ya ukame mrefu anakijua kitu chenyewe.

Onyo dogo: *aryq* kwa Kikazakhi na *arık* kwa Kikirgizi ni pia mfereji wa maji, na mitaa ya Almaty imejaa mifereji hiyo kando ya barabara. Wauzbeki wameepuka utata: *oriq* ni mwembamba, *ariq* ni mfereji.

*Nazik* maana yake nini? Nimepewa majibu mawili.

Yote mawili ni sahihi, inategemea uko upande gani wa mpaka. Ni neno la Kiajemi. Istanbul, *nazik* ni mwenye adabu. Baku, *nazik* ni chembamba cha kawaida kabisa: *nazik kitab* ni kitabu cha kurasa chache, si kitabu chenye heshima. *Nozik* ya Kiuzbeki na *näzik* ya Kikazakhi ziko katikati: laini, ya kuchukuliwa kwa uangalifu.

Wembamba na adabu vinaonekana kutembea pamoja katika lugha hizi, maana *incelik* ya Kituruki nayo ni wembamba na ni uungwana. Ukimpelekea mwenyeji wako maua na akakuambia *ne incelik!*, hajapima shina la ua.

Kuna matumizi mengine ya *ince* niyajue?

Sauti. *Ince ses* ni sauti nyembamba na *kalın ses* ni sauti nene, sawasawa na tusemavyo sisi. Walimu wa sarufi nao huziita irabu *e, i, ö, ü* nyembamba na *a, ı, o, u* nene. Wakazakhi hufanya vivyo hivyo, na wao huchagua *jiñişke* na *juan*, yaani wanazihesabu irabu kuwa za mviringo.

*Ince hastalık*, "ugonjwa mwembamba", lilikuwa jina la tafsida la kifua kikuu. Uganda miaka ya 1980 watu waliuita UKIMWI *siliimu* kwa sababu hiyo hiyo: waliona mwili ukiisha.

Na *ince eleyip sık dokumak*, kuchekecha laini na kufuma kwa kubana, ni kulichambua jambo hadi punje ya mwisho.

Methali je?

Kituruki: *ip inceldiği yerden kopar*, uzi hukatikia pale ulipokuwa mwembamba. Sisi husema kamba hukatika pabovu. Waturuki wanayo na ya hasira, *inceldiği yerden kopsun*, na ikatikie hapo palipo pembamba, ya mtu aliyechoka kubembeleza.

Nyingine ya Kituruki: *arık ata kuyruğu da yüktür*, kwa farasi aliyekonda hata mkia wake ni mzigo. Wakazakhi wameipanua: *aryq atqa qamşy auyr, jyrtyq üige tamşy auyr*. Kwa farasi aliyekonda mjeledi ni mzito, kwa nyumba iliyotoboka tone ni zito. Iseme kwa sauti usikie jinsi *qamşy* na *tamşy* zinavyoitikiana.

Kuna watu au mahali penye jina hili?

Ndiyo. Sheria ya mwaka 1934 ilipowataka raia wote wa Uturuki wawe na jina la ukoo, *İnce* lilikuwa miongoni mwa yaliyochukuliwa. Muharrem İnce aligombea urais mwaka 2018. Ncha ya kaskazini kabisa ya Anatolia, mkoani Sinop, ni İnceburun, "pua nyembamba". Mjini Konya kuna İnce Minareli Medrese ya karne ya 13, shule iliyopewa jina la mnara wake mwembamba. Radi iliupiga mwaka 1901, na kilichobaki leo ni kifupi na kinene.

Nikijifunza neno moja tu, litanifikisha wapi?

*Ince* itakutosha Uturuki, na itaeleweka Turukimenistani na Azabajani, ingawa huko Baku *incə* huelekea zaidi kwenye ulaini na uzuri. Kutoka Tashkent kwenda mashariki, jifunze jozi: *yupqa* na *ingichka*, au *jūqa* na *jiñişke*. Ukichanganya utaeleweka, lakini muuza vitambaa sokoni atatabasamu ukimwomba kitambaa *jiñişke*, maana umemwambia akupimie kitambaa kilicho kama kamba. Na kwa mtu, tumia *arıq* au *aryq* kwa uangalifu ule ule ambao ungeutumia kumwambia mama wa rafiki yako kuwa amekonda.